Florence Nightingale, muuguzi aliyehesabu wafu ili wakubwa wabadilishe mambo

Tarehe 12 mwezi wa tano kila mwaka ni sikukuu ya wauguzi duniani. Hotuba zinasomwa, na kila mara jina moja linarudi: Florence Nightingale. Ile tarehe ni siku yake ya kuzaliwa. Watu mingi wanamjua kwa habari ya taa, mwanamke mwenye kuzunguka usiku kati ya vitanda vya maaskari wenye vidonda. Taa ilikuwa ya kweli. Lakini kazi yake kubwa zaidi aliifanya akiwa mbele ya makaratasi, na wino, na rejista za wafu.

Muuguzi wa kwetu mwenye kufunga ripoti ya mwezi, anayehesabu mistari ya rejista moja moja mbele ya kuipeleka ku ofisi ya zoni ya afya, pengine anaona kazi hiyo kama mzigo wa serkali. Anaweza kushangaa kusikia kama huyu mama wa wauguzi aliweka hesabu karibu sawa na dawa.

Florence alizaliwa mwaka wa 1820 katika mji wa Florence, inchi ya Italia. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri waliokuwa katika safari ya Ulaya, na mtoto wakamuita jina la mji. Dada yake mkubwa walimfanyia vilevile: alizaliwa Napoli, akaitwa Parthenope, jina la zamani la Kigiriki la ule mji. Kule Uingereza jamaa ilikuwa na nyumba mbili kubwa, moja Derbyshire, ingine Hampshire. Baba yao, aliyesoma ku iniversite ya Cambridge, aliwafundisha mabinti mwenyewe nyumbani: Kilatini, Kigiriki, historia, hesabu. Wakati ule mabinti wa matajiri walifundishwa kuimba na kupokea wageni. Florence alipenda hesabu.

Mwezi wa pili 1837, akiwa na miaka 16, aliandika kama Mungu amemuita kwa kazi yake. Kazi gani, hakujua bado. Miaka ilipita mbele ya kuelewa kama ni kutunza wagonjwa. Mwaka wa 1845 aliomba ruhusa ya kuenda kujifunza ku hospitali ya Salisbury, karibu na nyumbani. Jamaa ilikataa kabisa. Na kusema kweli, walikuwa na sababu: katika hospitali za wakati ule, wenye kutunza wagonjwa walikuwa wanawake maskini wasiofundishwa, na wengine walijulikana kwa pombe. Hakuna mzazi tajiri aliyependa kuona mtoto wake pale. Florence alingoja. Alikataa pia kuolewa na Richard Monckton Milnes, mtu wa Bunge aliyemtafuta kwa miaka mingi. Mwaka wa 1851 njo alipata kukaa miezi mitatu Kaiserswerth, inchi ya Ujerumani, mahali ambapo wanawake wa kanisa la Kiprotestanti walitunza wagonjwa na yatima. Mwaka wa 1853 akapewa kuongoza nyumba ndogo ya wanawake wagonjwa kule London. Mshahara hakupokea, baba yake alimpatia pauni 500 kwa mwaka.

Kisha vita. Uingereza, Ufaransa na Uturuki walikuwa wanapigana na Urusi ku Crimea, pembeni ya Bahari Nyeusi. Mwandishi wa gazeti la Times, William Howard Russell, alitangaza namna maaskari wagonjwa walikuwa wanaachwa bila mtu wa kuwatunza. Raia wa Uingereza wakakasirika. Waziri Sidney Herbert, rafiki wa Florence, akamuomba apeleke wauguzi. Tarehe 21 mwezi wa kumi 1854 aliondoka na wanawake 38, na tarehe 4 mwezi wa kumi na moja walifika Scutari, ngambo ya Istanbul, ku hospitali kubwa iliyokuwa kambi ya maaskari wa Uturuki.

Waganga wa jeshi hawakuwataka. Siku za kwanza wauguzi walikaa tu. Lakini vita ya Inkerman ilipigwa tarehe 5, meli zikaleta wagonjwa wengi, na waganga wakaita msaada wenyewe. Florence alikuta nini? Wagonjwa chini ku sima, vyoo vimejaa, chini ya nyumba mifereji ya uchafu imeziba, hewa haipiti, nguo hazifuliwi, sabuni hakuna. Alitumia feza zilizokusanywa na gazeti na zake mwenyewe kununua vitu, akapanga kufua, akapanga chakula. Usiku alizunguka na taa.

Na hapa njo habari inakuwa ngumu, juu ya hadithi ya taa mara mingi haielezi kilichofuata. Florence alikuwa pale, wauguzi walikuwa pale, na vifo vilipanda. Mwezi wa pili 1855, zaidi ya wagonjwa 40 katika kila 100 waliotunzwa katika zile hospitali walikufa. Wema haukutosha. Mwezi wa tatu kamati ya usafi iliyotumwa na serkali ilifika. Waliosha mifereji, wakatoa mizoga, wakapaka chokaa, wakafungua madirisha ili hewa ipite. Mwezi wa sita vifo vilikuwa vimeshuka mpaka karibu 2 katika kila 100.

Florence hakuyaelewa yote pale pale. Alikuwa anaamini kama maaskari wanakufa juu wanafika wakiwa wamechoka sana, na njaa na baridi vimewamaliza kule mbele. Kitu kingine alikiona mapema: hakuna aliyejua wangapi wanakufa. Pale Scutari kulikuwa na rejista tatu za vifo, kila ofisi na yake, na hazikukubaliana. Mtu alikufa ku rejista moja, ku ingine hakuonekana. Wenye kufanya kazi katika vituo vya afya wanajua jambo hilo bila kuelezwa.

Alirudi Uingereza mwezi wa nane 1856, amekonda, na homa aliyoipata ku Crimea haikumuacha vizuri tena. Alisafiri kwa jina la Bibi Smith ili asipokelewe na makelele. Inchi nzima ilitaka kumpigia makofi. Yeye alitaka tume ya uchunguzi. Alikutana na malkia Victoria kule Scotland, akaeleza shida ya jeshi, na mwaka wa 1857 tume ikaundwa, kiongozi wake Sidney Herbert.

Ni wakati huo alipoanza kufanya kazi na William Farr, mtu wa ofisi ya serkali yenye kuandikisha kuzaliwa na kufa. Farr alikuwa fundi wa takwimu, ni kusema hesabu zilizopangwa ili zionyeshe kitu. Wawili hao walichukua makaratasi ya jeshi na kuyapanga mwezi kwa mwezi, sababu kwa sababu. Mwezi wa kwanza 1855 peke yake: jeshi lilikuwa na watu karibu 32,000. Waliokufa kwa vidonda walikuwa 83. Waliokufa kwa sababu zingine walikuwa 324. Waliokufa kwa magonjwa yenye kuambukiza, kama kolera, kuhara na homa, walikuwa 2,761.

Tuseme wazi. Kwa kila askari mmoja aliyeuawa na vidonda mwezi ule, zaidi ya 30 waliuawa na magonjwa ambayo usafi, maji mazuri na hewa vingeweza kuzuia. Na mwaka mmoja nyuma, mwezi wa kwanza 1856, jeshi likiwa limeongezeka kufika watu 44,000, magonjwa hayo yaliua watu 42. Kwa vita nzima, Waingereza zaidi ya 16,000 walikufa kwa magonjwa. Wa risasi na vidonda hawakufika 5,000.

Florence alijua kama wakubwa hawasomi meza za namba. Waziri anapokea karatasi yenye mistari 50, anaweka pembeni. Kwa hiyo alitengeneza mchoro. Ni kama duara lililokatwa vipande 12, kila kipande mwezi mmoja. Kipande kinakuwa kikubwa kadiri vifo vinavyoongezeka. Rangi ya bulu ni magonjwa yenye kuzuilika, nyekundu ni vidonda, nyeusi ni sababu zingine. Mtu asiyejua hesabu hata kidogo akiangalia ule mchoro anaona bulu imemeza karatasi, na nyekundu ni kidogo tu katikati. Duara la pili, la mwaka uliofuata, bulu inanyauka. Alichapisha michoro hiyo mwaka wa 1858, akaigawa kwa wenye kushika mamlaka.

Alifanya pia kitu ambacho kilichoma wakubwa wa jeshi zaidi: alilinganisha. Aliuliza maaskari wenye kukaa Uingereza, bila vita, wanakufa namna gani kupita raia. Jibu: katika jeshi, kila mwaka, 17, 19 ao 20 kwa kila 1,000, kufuata kikosi. Kwa raia 11 kwa 1,000. Na askari ni kijana aliyechaguliwa juu ana afya. Florence aliandika kama kuacha hali hiyo ni kosa sawa na kuchukua watu 1,100 kila mwaka na kuwapiga risasi kiwanjani. Kambi zilianza kutengenezwa: hewa, maji, vyoo, jiko. Ule mwaka wa 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika Shirika la Takwimu la London.

Yote hayo aliyafanya zaidi akiwa kitandani. Kuanzia 1857 alikuwa mgonjwa mara kwa mara, alikaa ndani, wageni aliwapokea mmoja mmoja. Aliandika barua kwa maelfu.

Mwaka wa 1860 alipeleka mapendekezo kwa mkutano wa dunia wa takwimu uliofanyika London. Alitaka hospitali zote zijaze fomu moja: wagonjwa waliokuwa ndani mwanzo wa mwaka, walioingia, waliopona, waliotoka bila kupona, waliokufa, waliobaki mwisho wa mwaka, na siku ambazo kila mmoja alilala. Ugonjwa uitwe jina moja kila mahali. Leo tunaona ni kitu cha kawaida. Wakati ule kila hospitali iliandika kwa namna yake, na kulinganisha hospitali mbili ilikuwa kama kulinganisha kilo na lita. Hospitali kadhaa za London zilijaribu, kisha zikachoka. Fomu zilikuwa ndefu, na kazi ilikuwa mingi.

Si kila hesabu yake ilikuwa nzuri. Mwaka wa 1863, katika kitabu chake juu ya mahospitali, alitumia meza ya Farr yenye kusema kama hospitali 24 za London zilipoteza zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 kwa mwaka. Waganga waliruka juu, na walikuwa na haki. Farr aligawa vifo vya mwaka mzima kwa idadi ya wagonjwa waliokutwa ndani siku moja tu. Chukua chumba chenye vitanda 10, na kila mgonjwa analala mwezi mmoja. Kwa mwaka watapita watu 120. Wakifa 12, ni 10 katika 100. Lakini ukigawa 12 kwa wale 10 waliokutwa siku ya kuhesabu, unapata 120 katika 100, ni kusema wamekufa wengi kuliko waliokuwapo. Hesabu ya kufa haina maana mpaka ujue unaigawa kwa nini. Waganga walimkumbusha pia kama hospitali ya mji mkubwa inapokea wagonjwa wabaya zaidi. Florence mwenyewe alikuwa ameandika kama hospitali zingine zinafukuza wenye kukaribia kufa ili ripoti ionekane safi. Ujanja huo ni wa zamani.

Tarehe 24 mwezi wa sita 1860 ilifunguliwa shule yake ya wauguzi ku hospitali ya Saint Thomas, London, kwa feza ambazo raia walimchangia wakati wa vita, karibu pauni 45,000. Wanafunzi walijifunza usafi, kufunga vidonda, kumgeuza mgonjwa, lakini pia kuona na kuandika. Kila mmoja alipaswa kuwa na daftari ya kazi zake na kuandika habari za wagonjwa aliowatunza. Miaka ya nyuma, Florence aliyasoma madaftari hayo mwenyewe na kuwaita wanafunzi nyumbani kwake kuzungumza. Katika kitabu alichoandikia wanawake mwaka wa 1859, Notes on Nursing, sehemu moja nzima ni juu ya kumchunguza mgonjwa. Alikasirishwa na muuguzi mwenye kumjibu mganga kama mgonjwa analala vizuri, bila kuweza kusema amelala saa ngapi.

Pale ambapo hesabu zilimgeukia mwenyewe ni ku materinite. Feza za Florence zilisaidia kufungua chumba cha kuzalisha ku hospitali ya King's College, London, ili wakunga wajifunze. Wazo lilikuwa zuri, maana vijijini wanawake walizaa na wasaidizi wasiofundishwa. Lakini mama walianza kufa kwa homa ya uzazi. Kufuata hesabu, ilikuwa kadiri ya mama 33 katika kila 1,000. Mwaka wa 1867 chumba kilifungwa. Shule ya wakunga ikafa nayo.

Mtu mwingine angenyamaza. Florence aliuliza: huu ni mwingi ao ni kawaida? Na hakuna aliyeweza kumjibu, juu hospitali hazikuwa zinaandika vifo vya mama vizuri. Kwa karibu miaka mitatu alikusanya hesabu, akisaidiwa na mganga John Sutherland, yule aliyekuwa katika kamati ya usafi ya Scutari. Kule Ufaransa, mganga Léon Le Fort alikuwa amekusanya habari za Ulaya: katika hospitali, mama 34 kwa 1,000 walikufa, nyumbani hawakufika 5. Florence alichapisha kitabu juu ya hayo mwaka wa 1871. Mwanamke wa London aliyezaa katika chumba cha maskini, na mkunga mmoja tu pembeni, alikuwa na bahati kubwa kuliko yule aliyelala ku hospitali safi kwa macho. Sababu ilikuwa kuchanganya mama wengi pamoja, na mikono ya wanafunzi wa uganga iliyotoka kugusa maiti. Alidai mama wa kuzaa wasichanganywe na wagonjwa wengine, vyumba viwe vidogo, na wanafunzi wasitoke ku maiti wakaja ku mama.

Hapa msomaji aelewe vizuri: hizo ni hesabu za wakati ule, mbele watu waelewe mikrobi. Leo ni kinyume. Mama anayezalia ku kituo chenye muuguzi aliyefundishwa, maji na glavu, njo mwenye usalama zaidi. Na leo tunajua hivyo kwa njia ileile, kwa kuandika kila mama na kila mtoto, na kulinganisha.

Habari ya India tupite haraka. Hakufika kule hata siku moja, lakini aliandikia kambi karibu 200 za jeshi la Uingereza na karatasi za maulizo, akakuta maaskari 69 kwa 1,000 wanakufa kila mwaka. Mwaka wa 1873 aliandika kama wameshuka mpaka 18. Alikuwa mtu wa dola ya Waingereza, na mwanzo aliwaza zaidi maaskari wao. Pole pole alianza kuuliza pia juu ya wakulima wa India, njaa yao na maji yao.

Kitu kilichomuuma uzeeni ni kingine. Serkali ya Uingereza ilikuwa na hesabu mingi kuliko mtu anavyoweza kusoma: za wagonjwa, za wafungwa, za mashule. Mawaziri na watu wa Bunge walizipokea na hawakuzitumia, kwani wengi wao walitoka ku iniversite bila mtu kuwafundisha namna ya kusoma takwimu. Sheria ya shule inapita, miaka 20 inaisha, hakuna mwenye kuuliza watoto waliosoma wamebakiza nini kichwani. Mwaka wa 1891 aliandikiana na mtaalamu Francis Galton ili ku Oxford kuwe na mwalimu wa kufundisha jambo hilo. Galton alikuwa na mawazo mengine juu ya namna ya kulipanga, hawakusikilizana vizuri, na mpango ukaanguka. Alikuwa na miaka 71.

Miaka ya mwisho macho yalizimika. Mwaka wa 1907 mfalme alimpa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata. Alikufa London tarehe 13 mwezi wa nane 1910, na miaka 90. Serkali ilitaka azikwe Westminster Abbey, pamoja na wafalme. Jamaa ilikataa. Alizikwa East Wellow, kijiji cha Hampshire, pamoja na wazazi wake. Ku jiwe la kaburi waliandika herufi mbili za jina lake, F na N, na tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa.